Mali Bila Daftari: Motokaa za Italia na Mitambo ya Nachingwea

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Msemo huu watosha kabisa sokoni penye maembe na samaki, ambapo macho na pua za mnunuzi ndizo mahakama. Lakini hautoshi kueleza bei ya chuma kikuukuu. Mwezi wa Agosti 2018, katika jimbo la California huko Marekani, motokaa moja ya mashindano iliyoundwa Italia mwaka 1962, Ferrari ya aina ya 250 GTO, ilinadiwa ikapata mnunuzi kwa dola 48,405,000. Miaka miwili kabla yake, katika jimbo hilo hilo, Alfa Romeo ya mwaka 1939, aina ya 8C 2900B, iliuzwa kwa dola 19,800,000. Hakuna aliyetoa fedha hizo ili apate chombo cha kumpeleka kazini. Kwa upande wa pili, katika nchi ya kusini ya Tanzania iliyo baina ya Nachingwea na Ruangwa, ambamo imo misheni ya Mnero pamoja na vijiji vinavyoizunguka, ilifika zamani mitambo iliyogharimu mamilioni ya pauni, na mingi yake ikaishia kuwa chuma chakavu. Chuma ni chuma. Basi ni jambo gani lililokifanya kimoja kuwa hazina na kingine kuwa takataka?

Swali hili laonekana kuwa la wafanyabiashara, lakini kwa kweli ni swali la historia. Mtu asiyezijua desturi za minada hiyo hudhani kwamba bei yatokana na uzuri wa umbo au na wepesi wa mwendo. Umbo lina fungu lake, na uchache pia una fungu lake, kwani motokaa za aina ile ya 250 GTO zilizoundwa hazikufika 40. Ama mwendo, huo haumo katika hesabu. Ziko motokaa za siku hizi zinazoishinda kwa mbio na bei yake haifiki sehemu moja katika mia ya bei ile. Kinachopimwa hasa ni ushahidi. Kabla ya siku ya mnada muuzaji huandaa hoja zake kama wakili anayekwenda mbele ya kadhi. Huonyesha namba iliyogongwa katika chesisi, namba ya injini na namba ya giaboksi, apate kuthibitisha kwamba viungo hivyo vilizaliwa pamoja. Huleta barua za kiwanda, orodha za mashindano, picha za siku zile, na majina ya wenyewe wote kwa taratibu, yule wa kwanza hata huyu wa mwisho. Mnyororo huo ukikatika mahali, bei hushuka. Injini ikiwa ilibadilishwa, sharti isemwe, na ikifichwa, mwenye kuficha aweza kushitakiwa. Kwa hiyo mnunuzi hanunui chuma peke yake; anunua chuma pamoja na habari zake, na aghalabu habari ndizo zenye bei kubwa zaidi. Wafanyabiashara wa pwani walilijua jambo hilo zamani sana waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ili kuona jinsi daftari linavyofanya kazi, yafaa kurudi nyuma mpaka mwaka 1907. Tarehe 10 Juni mwaka huo motokaa chache zilitoka Peking kushindana kufika Paris. Iliyoshinda ilikuwa ya Kiitalia, Itala ya nguvu za farasi 35 kwa 45, iliyoundwa katika mji wa Torino. Mwenyewe alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme, Scipione Borghese; fundi wake aliitwa Ettore Guizzardi; na wa tatu alikuwa mwandishi wa magazeti, Luigi Barzini. Waliingia Paris tarehe 10 Agosti 1907. Siku ile ile, kwa sadfa ambayo hakuna aliyeipanga, ofisa mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa ya kiwanda cha Gaggenau akakusudia kulivuka bara la Afrika mpaka pwani ya magharibi. Safari yake haikuchukua siku 60 kama ile ya Borghese. Alifika Swakopmund, katika nchi ambayo sasa ni Namibia, tarehe 1 Mei 1909, yaani baada ya siku 630.

Motokaa hizo mbili zilifanana katika jambo moja ambalo wasifu wao hupenda kulipita upesi: kwa sehemu kubwa ya njia zilikuwa mizigo kuliko vyombo vya kuchukua mizigo. Katika milima ya kaskazini ya Peking, Itala ilivutwa kwa kamba na vibarua wa Kichina. Huko Siberia daraja la mbao lilivunjika chini yake, na gurudumu lake lilipoharibika, seremala wa kijijini alilitengeneza kwa shoka. Motokaa ya Graetz nayo ilivutwa na kusukumwa na Waafrika katika mito, mchanga na vichaka, na mahali pengi ilibidi njia ikatwe kwanza ndipo gurudumu lipite. Lakini Itala ilikuwa na Barzini. Mtu huyo aliandika kila siku, akapeleka habari zake kwa simu ya waya kila alipopata kituo, na kitabu chake kikafasiriwa katika lugha nyingi. Leo motokaa ile imo katika jumba la makumbusho ya motokaa huko Torino, na mtazamaji aweza kusimama mbele yake akajua ilipita wapi na lini. Graetz pia aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1910, lakini jina lake halikuenea hata robo ya jina la Borghese. Na katika safari zote mbili wale waliovuta kamba wameingia katika kumbukumbu kama umati tu, bila majina. Hapa ndipo ionekanapo kasoro ya kwanza ya daftari: daftari hutunza mali ya yule aliyelishika kalamu.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1947. Italia ilikuwa imetoka vitani nayo imeshindwa. Viwanda vilikuwa vimepigwa kwa mabomu, chuma na mafuta vilikuwa haba, na barabara zilikuwa zimejaa mashimo. Katika kijiji cha Maranello palikuwa na karakana ya Enzo Ferrari, ambayo wakati wa vita ilitengeneza mashine za kusagia vyuma, nayo pia ilikuwa imepigwa mabomu. Humo humo, katika dhiki hiyo, mhandisi Gioacchino Colombo alikuwa amebuni injini ndogo ya lita moja na nusu yenye silinda 12. Tarehe 12 Machi 1947 Ferrari mwenyewe aliijaribu barabarani motokaa ya kwanza yenye injini hiyo, iliyoitwa 125 S. Tarehe 11 Mei ilishindana kwa mara ya kwanza huko Piacenza, ikiongozwa na Franco Cortese. Ilikuwa mbele ya wenziwe ilipoharibika pampu ya mafuta, ikaacha mashindano. Tarehe 25 Mei, huko Roma, ilishinda.

Motokaa za kwanza kabisa za karakana hiyo hazikuhifadhiwa kama mayai. Zilifunguliwa, zikabadilishwa, na viungo vyake vikatumika katika nyingine zilizofuata, kwa sababu karakana haikuwa na uwezo wa kukiacha chuma kizuri kikae bure. Ndiyo maana wataalamu wa siku hizi hubishana sana juu ya ipi ni ipi. Jambo la kuangalia ni kwamba mabishano hayo yawezekana. Namba ziligongwa, matokeo ya mashindano yaliandikwa, picha zilipigwa, na mafundi waliojua kila msumari waliulizwa kabla hawajafa. Motokaa iliyokatwa vipande yaweza kufuatwa kipande kwa kipande, kwa kuwa palikuwa na watu walioona kwamba jambo hilo lastahili kufuatwa.

Mwaka huo huo wa 1947 mitambo mingine ilikuwa baharini ikija Tanganyika. Asili ya habari hiyo ni njaa ya mafuta. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia na ya kutengeneza siagi ya mimea, na watu wake waligawiwa chakula kwa vipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine na kwa eneo kubwa lisilopata kuonekana. Serikali ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika. Walizunguka nchi kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa angani katika ndege, wakarudi na hesabu: eka 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Februari 1947 hati ya serikali ilitangazwa, na Waziri wa Chakula, John Strachey, akausimamia mradi huo kwa moyo wote. Kazi ilianza Kongwa. Zaidi ya nusu ya mashamba yote yalikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, na kitovu chake kikawa Nachingwea.

Hesabu hiyo ilihitaji matrekta, na viwanda vya dunia vilivyokuwa ndiyo kwanza vinaacha kuunda silaha havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha. Basi wanunuzi wa mradi walikwenda mahali palipokuwa na mitambo tayari, nako ni katika maghala ya vita. Walinunua matrekta yaliyotumiwa na majeshi, mengine kutoka Misri, mengine kutoka visiwa vya Ufilipino. Mitambo hiyo ilikuwa imefanya kazi katika mchanga na matope, ikalala nje juani na mvuani, na wengi walioitumia walikuwa askari waliokwisha kurudi makwao. Aliyeinunua hakuweza kujua ipi ilifanya kazi saa ngapi, ipi ilibadilishwa pistoni, na ipi ilivunjika ikaunganishwa. Mnunuzi wa Ferrari asiyepewa habari hizo angefunga mkoba wake akaondoka. Serikali haikufunga mkoba.

Matokeo yalijulikana upesi. Mwisho wa kiangazi cha 1947 theluthi mbili za matrekta yaliyoletwa hazikuweza kufanya kazi. Vipuri havikulingana, kwa kuwa aina za mitambo zilikuwa nyingi. Karakana ilikuwa changa. Na madereva, ambao wengi wao walifundishwa upesi upesi, walipewa mashine zilizokwisha kuchoka kabla wao hawajazigusa. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, ukazila plau kama tupa. Mwaka huo zililimwa eka zipatazo 7,500 tu, ilhali shabaha ilikuwa eka 150,000. Mafundi hawakukosa akili. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli baina ya matrekta mawili, yakaenda sambamba na kuvivuta vichaka mpaka ving'oke. Huko Uingereza kampuni ya Vickers-Armstrongs ilitwaa vifaru vya vita vya aina ya Sherman, ikavigeuza kuwa matrekta ya minyororo, na jina la chombo hicho likaungwa kutokana na majina hayo mawili: Shervick. Ni vigumu kupata mfano wa wazi zaidi wa tamaa njema ya wakati ule, ya kuufanya upanga uwe jembe. Na ni vigumu kupata mfano wa wazi zaidi wa kosa lake, maana kifaru kiliundwa kiende na kurudi vitani kwa muda mfupi, hakikuundwa kivute mizizi kutwa kucha msimu baada ya msimu.

Uangalifu wahitajika hapa. Watu wengi husimulia habari za karanga kama kichekesho cha Wazungu wajinga. Wakefield na wenziwe hawakuwa wajinga, wala Strachey hakuwa na nia mbaya. Kosa lao lilikuwa la namna nyingine: walidhani kwamba mashine ni kitu kinachojitegemea, ambacho popote kiwekwapo hufanya kazi ile ile. Karakana ya Maranello ilijua kinyume chake. Mashine ni nusu tu. Nusu ya pili ni watu wanaoijua, vipuri vinavyoifaa, na kumbukumbu ya yale iliyokwisha kutendewa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona vyaendelea kuelea, jua kwamba yupo anayeviunda upya kila siku.

Nachingwea ilikuwa ndiyo matumaini makubwa, kwa kuwa mvua yake ilidhaniwa kuwa ya kuaminika kuliko ya Kongwa. Lakini nchi yenyewe ilikuwa mbali na bandari, na Jimbo la Kusini halikuwa na reli. Kwa hiyo kabla ya karanga ilibidi paundwe kila kitu. Gati la muda lilijengwa Mkwaya, katika hori ya Lindi. Bomba la mafuta likalazwa kutoka huko mpaka Nachingwea. Na njia ya reli ikajengwa kupita misitu, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya maji marefu ya Mtwara, iliyokuwa sehemu ya mpango huo huo, ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mradi wenyewe kufa.

Kwa wenyeji, ambao wengi wao ni Wamwera, haya hayakuwa mambo ya takwimu. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonja vita vya Maji Maji mwaka 1905, na vita vya Waingereza na Wajerumani mwaka 1917, ambapo huko Mahiwa palipiganwa mojawapo ya mapigano makali kabisa ya Afrika ya Mashariki. Vijana wake walizoea kwenda Lindi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Sasa kazi ilikuja mlangoni, nayo ilikuja na vitu vipya: kambi, mishahara, karakana, leseni ya udereva, na ufundi wa injini. Watu walifika kutoka mbali wakakaa na wenyeji. Kwa vijiji kama Mnero, ambavyo vilikuwa vimezoea kuona maendeleo yakija taratibu kwa shule na hospitali ya misheni, hii ilikuwa namna nyingine kabisa ya mabadiliko, yenye kishindo. Kishindo hicho hakikukubaliwa kimya kimya kila mahali. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulienea kwa kufuata reli, na wafanyakazi wa Kongwa nao waligoma mwaka huo. Waliovuta kamba walikuwa wameanza kudai jina.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umeachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililoushika mradi tangu mwaka 1948, liliendelea na mashamba madogo ya majaribio mpaka mwaka 1955, ndipo kazi yake ikarithiwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika. Mitambo ikatawanyika. Iliyokuwa mizima ilibaki kazini au ikauzwa; iliyokufa ikanyonywa vipuri vyake kuwahuisha wenziwe; na mabaki yakaachwa kwa kutu na kwa mafundi wa mitaani, ambao chuma cha pua kwao ni shoka, jembe na panga. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, kisha mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Huo ndio mwisho wa ile mali iliyokuja kwa meli.

Lakini nchi haikufa pamoja na mashine. Mashamba na majengo yaliyoachwa yalipata kazi ambayo hakuna mpangaji wa London aliyeiota. Tangu mwaka 1965 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo Nachingwea, na Samora Machel akawa mkuu wake. Humo waliandaliwa askari walioendelea kupigana mpaka mapatano ya Lusaka ya Septemba 1974. Karanga zenyewe hazikukoma. Wakulima wadogo wa kusini waliendelea kuzipanda kwa jembe la mkono, pamoja na ufuta, mihogo na mikorosho. Na mwaka 2009, mbegu bora za karanga zilipotolewa kwa wakulima wa Tanzania, mojawapo ilipewa jina la Nachingwea. Nchi iliyohukumiwa kuwa imeshindwa karanga imekuwa jina la karanga. Basi kilichoshindwa hakikuwa udongo wala mmea.

Sasa yawezekana kulirudia swali la bei. Mtu aweza kutoa pingamizi lenye nguvu. Aweza kusema kwamba si haki kulinganisha motokaa ya anasa na trekta, kwani trekta ni chombo cha kazi, na heshima ya chombo cha kazi ni kutumika mpaka kiishe. Jembe lililolika ni jembe lililolisha watu, nani atalilia? Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu. Trekta lililochakaa kwa kulima halihitaji kuombolezewa. Lakini matrekta ya karanga hayakuchakaa kwa kulima. Mengi yalichakaa vitani kwanza, kisha yakafia njiani kuelekea shambani. Hayakutimiza kazi ya chombo wala hayakupata heshima ya kumbukumbu. Wala si kweli kwamba chombo cha kazi hakistahili kuhifadhiwa. Shervick zilizobakia duniani sasa ni chache mno, na kwa wapenzi wa mitambo ya kale uchache huo peke yake watosha kuzifanya zitafutwe. Chuma kilichotupwa jana chaweza kuwa hazina kesho, ikiwa tu yupo awezaye kuthibitisha kilitoka wapi.

Wala haitoshi kusema kwamba mradi wa karanga haukuwa na daftari. Ulikuwa nayo mengi. Hasara yake ilihojiwa bungeni London, taarifa za kila mwaka zilichapwa, na Alan Wood, aliyepata kuwa mtumishi wa Shirika, alitoa kitabu juu yake mwaka 1950. Lakini daftari hizo ziliuliza swali moja: fedha za Mwingereza zimekwenda wapi? Hazikuuliza dereva wa kwanza wa kijiji fulani alijifunza kwa nani, wala fundi alilitengenezaje trekta lisilokuwa na vipuri, wala wenye mashamba waliambiwa nini vichaka vyao vilipong'olewa, wala mishahara ile ilioza wangapi na kujenga nyumba ngapi. Kwa hiyo historia ya karanga imeandikwa kama historia ya hasara, na watu wa kusini wameingia humo kama mandhari. Itala ilitunzwa pamoja na jina la fundi wake. Mitambo ya Nachingwea ilipotea pamoja na majina ya mafundi wake. Tofauti hii haikuletwa na ubora wa chuma. Guizzardi alikuwa na mwandishi kando yake katika kiti cha motokaa, na dereva wa Nachingwea hakuwa naye.

Hasara hii yaweza kupunguzwa, lakini muda ni mchache. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofika Nachingwea mwaka 1949 alizaliwa mwaka 1929 au karibu na hapo. Waliobakia wa rika hilo wahesabika, na kila mwaka hesabu yao yapungua. Watoto wao, waliokula kutoka katika mishahara ile na kusikia visa vyake jioni, nao sasa ni wazee. Mwanafunzi wa historia anayetafuta kazi ya kufanya hana haja ya kuingoja safari ya ng'ambo. Aanze Nachingwea, apite Mnero, aende Ruangwa. Akiona kipande cha mtambo kilichogeuzwa kuwa kengele ya shule, nguzo ya ua au mhunzi akikifanya fuawe, na atazame kama kina namba, aiandike. Aulize kililetwa na nani, kutoka wapi. Apime tuta la reli linapokatiza mashamba ya mikorosho. Ayaandike maneno ya karakana kama wazee wanavyoyatamka, kwa kuwa msamiati wa injini katika Kiswahili haukutungwa kamusini. Ulitungwa na watu waliokuwa na grisi mikononi. Asahihishe majina, asiridhike na neno "vibarua".

Mnunuzi wa California alilipa dola milioni 48 kwa sababu watu wengi, kwa miaka zaidi ya 50, waliona kwamba habari za motokaa moja zastahili kuandikwa bila kukatika. Waliofanya hivyo wengi hawakuwa matajiri: walikuwa makarani wa kiwanda, wapiga picha, makanika na watunza saa za mashindano. Kalamu na daftari ni vitu vya bei ndogo, na shule za Nachingwea na Ruangwa zinavyo. Kinachosalia ni kukubali kwamba habari za mtu aliyeendesha trekta bovu katika msitu wa kusini zina haki ile ile ya kuandikwa kama habari za Cortese alipoharibikiwa na pampu huko Piacenza. Zikiandikwa, hata kama hakuna trekta moja litakaloonekana tena, mali yenyewe haitakuwa imepotea.